Tandu na viwavi washa kihambani: usiache kutandaza, badilisha namna ya kuingiza mkono

Mvua za vuli zikianza huku Kilimanjaro, kazi mbili hukutana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa: kuchuma kahawa na kuongeza matandazo (majani na magome ya kufunika udongo) kwenye migomba. Ndipo malalamiko ya tandu na viwavi yanapozidi, na kila mara wapo wakulima, Kibosho na Uru hasa, wanaouliza kama si afadhali waache kutandaza kabisa, au wapulizie sumu chini ya migomba. Yote mawili siyashauri. Matandazo yanatunza unyevu, yanabana magugu na yakioza yanarutubisha udongo. Ukiyafagia kwa kumkimbia tandu, utakayemlipa ni jua la Januari.

Tandu mwili wake hukauka upesi, kwa hiyo mchana hujichimbia penye ubichi: chini ya magome ya mgomba yanayooza, kwenye samadi, chini ya mawe ya kingo za mfongo (mfereji wa maji ya shamba), ndani ya rundo la kuni. Usiku hutoka kuwinda mende na wadudu wengine. Mazao yako hayagusi. Wengi humchanganya na jongoo, ilhali jongoo ni wa mviringo, mwendo wake wa pole, na ukimgusa anajikunja. Tandu ni bapa, ana mbio, na kila pingili ya mwili wake ina jozi moja tu ya miguu. Jongoo haumi, ila majimaji anayotoa yanababua ngozi na kuacha doa la kahawia, na yakiingia jichoni yanaumiza sana. Watoto wasimchezee.

Sumu ya tandu haitoki mdomoni. Miguu yake ya kwanza kabisa imegeuka kucha mbili zilizojificha chini ya kichwa, zinabana kama koleo na kuingiza sumu, na ndiyo maana jeraha lake huwa na matundu mawili. Ile miguu mirefu ya nyuma inayotisha watu haina sumu hiyo. Maumivu ni makali, huweza kudumu saa kadhaa, na mkono huvimba na kuwa mwekundu. Mtu mzima mwenye afya ni nadra sana kufa kwa tandu. Wa kuangaliwa kwa karibu ni mtoto mdogo na mtu mwenye mzio.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye mgomba, acha nafasi ya nusu mita hivi bila matandazo kuzunguka shina. Nafasi hiyo inapunguza maficho ya fukusi wa migomba, na unapokuja kung'oa machipukizi unaona unapoweka vidole. Majani ya zamani yageuze kwa reki au uma kabla ya kuyashika. Akina mama wanaobeba magome na majani ya mgomba kupelekea ng'ombe ndio walio hatarini zaidi, maana mzigo unakaa kichwani au mgongoni, karibu na shingo. Kabla ya kufunga mzigo, upige chini mara mbili tatu, na usifunge uliolala shambani usiku kucha bila kuufungua kwanza. Gambuti zitundikwe kichwa chini kwenye vigingi. Ukizikuta zimelala sakafuni, zikung'ute kabla ya kuvaa, hata kama una haraka ya kuwahi mnada.

Viwavi ni habari nyingine. Si kila kiwavi anawasha: viwavijeshi vamizi wanaokula mahindi unaweza kuwaponda kwa vidole bila shida. Wa kuogopwa kwenye kahawa ni wale wa kijani, wanene, wenye vishungi vya miiba mgongoni, wanaokaa upande wa chini wa jani. Mchumaji hawaoni. Anavuta tawi, mgongo wa kiganja unapita chini ya majani, mara anaruka kama aliyechomwa na moto. Miiba ile ina sumu ndani na hukatikia kwenye ngozi. Wengine wana manyoya mepesi yanayopeperuka, na hata ganda walilovua au kifuko kilichobaki gomeni bado kinawasha.

Kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu na glavu, na pindua tawi kwa fimbo kabla ya kuchuma. Ukikuta kundi lao, kata kijitawi kwa mkasi na ukitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usiwachome moto, manyoya yatapanda na moshi hadi machoni na puani. Na kupulizia shamba zima kwa ajili ya viwavi wachache ni kuwaua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao na kukupunguzia kazi bure.

Aliyeumwa na tandu aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha aloweke sehemu hiyo kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasiyozidi nyuzi joto 45, kwa dakika 20 hivi. Pima maji kwa mkono usioumwa kwanza, usiongeze kuungua juu ya sumu. Baadaye anywe parasetamo na aulize zahanati kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyeguswa na kiwavi asijikune wala kusugua: bandika selotepu na kuibandua mara kadhaa ili ing'oe manyoya, ndipo aoshe na kuweka kitambaa cha maji baridi. Kuchanja jeraha kwa wembe, kufunga kamba, mafuta ya taa na jiwe la nyoka, achana navyo.

Kiwavi anayeua watu kwa kuwatoa damu, ambaye habari zake husambazwa kwenye simu, yupo kweli, lakini kiwavi huyo, Lonomia, ni wa Amerika Kusini. Taasisi ya Butantan ya São Paulo, Brazil, inatengeneza dawa ya kuzuia sumu yake. Kwenye kahawa yetu hayupo.

Usisubiri nyumbani pumzi ikibana, uso au midomo ikivimba, mtu akizimia, au jeraha likianza kutoa usaha. Nyoya la kiwavi likiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi, usilisugue, na uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa sababu linaweza kuzama ndani ya jicho. Kwa wa Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya macho.