SOMO: Jinsi ya kuchagua tuba inayoendana na sauti na upigaji wako

Wakuu, anayetafuta tuba (chombo kikubwa cha kupuliza, besi ya bendi) kwa kawaida huulizia bei kwanza, kisha ukubwa. Mimi nasema anza na watu utakaopiga nao.

Hatua ya 1: Herufi, yaani noti ya msingi ya chombo. Kuna tuba za Bb (bomba likinyooshwa ni kama mita 5.5), C (4.9), Eb (4) na F (3.7). Bendi za mtindo wa Kiingereza, zikiwemo za Jeshi la Wokovu, hupanga Eb na Bb pamoja, na nota zao huandikwa kwa ufunguo wa G (alama mwanzoni mwa mistari ya nota) kama za korneti, ndugu wa tarumbeta. Aliyezoea korneti anahamia besi bila kujifunza vidole upya. Matarumbeta ya Kilutheri yenye asili ya Ujerumani husoma besi kwa ufunguo wa F, noti kama zinavyosikika. Ukinunua bila kuangalia hili utapata chombo kizuri na nota usizoweza kuzisoma. C imeenea zaidi kwenye okestra za Marekani. Kama huko siko uendako, iache.

Hatua ya 2: Sauti. Bomba nene na mdomo mpana (upande sauti inapotokea) hutoa sauti inayofunika bendi nzima kwa chini, ila hula pumzi. Eb na F zina sauti iliyokaza, nyepesi kwa solo na vikundi vidogo. Tuba ya kwanza kabisa, ya kiongozi wa bendi Wieprecht na fundi Moritz wa Berlin mwaka 1835, ilikuwa F.

Hatua ya 3: Vali, yaani vitufe vinavyobadilisha urefu wa bomba. Hapa usibane pesa. Vali ya 1 na ya 3 zikibonyezwa pamoja, noti hutoka juu kidogo kuliko inavyotakiwa; zote tatu, hukosea zaidi. Vali ya 4 hufanya kazi ya 1+3 kwa urefu sahihi, na 2+4 huchukua nafasi ya zote tatu. Pia inakupa noti za chini ambazo tuba ya vali tatu haifiki.

Hatua ya 4: Ya mtumba. Chomoa kibomba cha vali bila kuibonyeza, kisha ibonyeze: ikilia "pah!", vali inabana vizuri. Kubonyea kwenye mdomo mpana kusikutishe; ogopa kubonyea karibu na unapopulizia.

MASWALI

*Mkuu, mimi ni mwembamba, pumzi fupi. Nitaiweza?*
Chukua Eb. Mwenye pumzi fupi kwenye tuba kubwa mno husikika upepo kuliko noti.

*Bendi yetu huandamana barabarani. Sousaphone (tuba ya kuzungushia mwilini) inafaa?*
Inafaa sana, uzito unakaa begani na mdomo unatazama mbele. Nyingi zina vali tatu tu, lijue hilo mapema.

*Vali za pistoni (zinazopanda na kushuka) au rotari (zinazozunguka)?*
Kwenye vumbi nachagua pistoni, ndugu. Unaifungua mwenyewe, unafuta, unatia mafuta. Rotari ikikwama inataka fundi, na fundi wa rotari mtafute kabla hujalipa.