Punda aliyetoka kwenye mkokoteni, usimpande wiki ya kwanza

Wafugaji wenzangu wa Uyui, Nzega, Igunga na kote Tabora, naandika hili maana punda wengi siku hizi wanabadilisha mikono, mtu kauza maji kwa mkokoteni miaka kibao, sasa kanunua bodaboda ya matairi matatu, punda anauzwa bei ya kutupa na wewe unamchukua ukiwaza watoto watampanda kwenda kisimani. Wazo zuri kabisa. Punda akitunzwa anafika miaka 25 hata 30, kwa hiyo huyo wa miaka kumi bado kijana tu. Shida tunampanda siku ileile anafika.

Kwanza tuelewane, punda akiogopa mara nyingi hatoki nduki, anaganda. Anasimama pale masikio mbele, anapima kile kitu ni hatari au la. Sisi tunasema huyu mkaidi, tunaokota fimbo, sasa hatari anayoiona inakuwa ni wewe, ndo anagoma moja kwa moja.

Jike wangu nilipomleta nyumbani ukinyanyua tu mkono ujikune yeye anafumba macho. Iliniuma sana. Nikamwacha wiki tatu bila kazi yoyote, asubuhi na jioni nampelekea majani ya karanga makavu (angalia yasiwe na ukungu), nakaa kwenye ndoo nimempa mgongo, simshiki wala simuiti. Siku ya tisa akaja mwenyewe kuninusa shingo. Toka hapo nikawa namkuna juu ya mabega, pale ambapo punda wenyewe kwa wenyewe wanakunana, usoni nikapaacha kabisa maana huko ndo alikopigwa. Hata farasi wa mbio akistaafu wanaojua wanampa kwanza malisho na mapumziko, wiki hata miezi, ndo wanaanza kumfundisha upya, sasa punda wetu kwa nini tumnyime?

Muulize muuzaji kama alikuwa na mwenzake, na kama uwezo upo wachukue wote wawili. Punda akizoeana na mwenzie ni wa kufa na kuzikana, ukimtenga anaweza kususa kula, na punda aliyesusa siku chache tu mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini linachoka, unampoteza. Kama huna wa pili, akae na mbuzi, asikae peke yake.

Mkague mgongo, kifua na shingo. Vidonda vya shingoni mara nyingi vinatokana na nira ya ng'ombe, punda hana nundu jamani, anavuta kwa kifua na anatakiwa mkanda mpana wa kifuani. Usiweke kitu mgongoni mpaka kidonda kipone chote na manyoya yarudi. Kwato zipunguzwe kila wiki 6 hadi 10.

Sasa hili la dawa naomba ulisome mara mbili. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ile tunayoogeshea ng'ombe, usimpake punda, utumbo wake unagoma kusukuma chakula na anaweza kufa kwa tumbo. Chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensini nacho ni sumu kwake, kidogo tu kinaharibu moyo. Na ndorobo (mbung'o) tunao huku kwenye miombo, punda anavumilia nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na ndorobo, kuliko farasi lakini naye anaugua, anakonda, na sindano ya nagana ikizidi kipimo inamdhuru, kwa hiyo sio ya kukadiria kwa macho kama ulivyozoea kwa ng'ombe, muite afisa mifugo wa kata.

Akishakufuata mwenyewe bila kamba, hapo anza. Gunia tupu mgongoni, muache alinuse kwanza, siku zinazofuata weka mchanga kidogo kidogo pande zote mbili ulingane. Mzigo wa mtu usizidi robo ya uzito wake, punda wa kilo 140 ni kilo 35, yaani mtoto, mtu mzima tembea pembeni. Chini weka blanketi nene lililokunjwa, uti wa mgongo usibanwe. Hatamu ya kamba laini inatosha, lijamu ya chuma ya nini? Dakika 15 tu kwa siku mwanzoni.

Siku mtakapofika kwenye daraja au dimbwi akaganda, mshushe mtoto, simama naye bega kwa bega mkiangalia upande mmoja, usivute kamba. Wangu alichukua kama dakika ishirini pale kwenye kalavati, akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu, akavuka.