Kabla ya kuchagua toleo la fremuweki, kiwango kipya kikiwa bado rasimu

Nyumba za wageni za Shela hujaa Desemba, kaskazi ikivuma, na hupumua Mei, masika yakikolea. Anayejenga mfumo wa kuweka nafasi Lamu aanze na kalenda hiyo, hata kabla ya kuuliza kiwango kipya, yaani kanuni ya pamoja ambayo vivinjari hufuata, kitapitishwa lini.

Chukua Django, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) ya lugha ya Python. Toleo la 5.1 lilitoka Agosti 2024, na marekebisho yake ya usalama yakakoma Desemba 2025, vyumba vikiwa havina nafasi. Toleo la 5.2 lilitoka Aprili 2025 na litahudumiwa hadi Aprili 2028, msimu ambao mfumo unaweza kuzimwa nusu siku na mgeni asikwame. Mwenye nyumba asiye na fundi wa kudumu achukue hilo la 5.2.

Kisha lifunge toleo. Kwenye faili la mahitaji, yaani orodha ya vifurushi ambavyo mfumo unahitaji, andika Django~=5.2.0, ili upate marekebisho ya 5.2 tu. Ukiandika Django>=5.2, kompyuta yako yenye Python 3.12 itavuta 6.0 au jipya zaidi, ilhali seva (kompyuta inayohudumia tovuti) ya mfumo wa Ubuntu 22.04, yenye Python 3.10, itabaki na 5.2, maana 6.0 haikubali Python iliyo chini ya 3.12. Kila kitu kitafanya kazi mezani kwako, kisha kikatae kwenye seva.

Kwenye kiwango chenyewe ndiko penye mtego. Mfumo wa nafasi ni tarehe, na tarehe za JavaScript, lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari, zina kasoro ya zamani: new Date("2025-12-20") husomwa kuwa saa sita usiku ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, kwa hiyo mgeni aliye New York huonyeshwa tarehe 19. Dawa yake ni Temporal, pendekezo la zana mpya za tarehe, yenye aina ya tarehe isiyobeba saa wala majira ya eneo. Mapendekezo ya JavaScript hupanda hatua kutoka 0, wazo tu, hadi 4, kiwango kamili, na Temporal ilifika hatua ya 3 mwaka 2021. Wengi waliiona imekamilika. Juni 2024 kamati ya TC39, inayosimamia kiwango cha JavaScript, ikakubali kuondoa baadhi ya sehemu zake, zikiwemo Calendar na TimeZone, na aliyezitawanya katika kila ukurasa akabaki na kazi ya kuzipekua moja moja.

Kwa hiyo, pendekezo la hatua ya 2 lisiguse fedha wala nafasi za wageni. La hatua ya 3 litumie, lakini lifungie ndani ya faili moja, tuseme tarehe.js, lenye kazi tatu: kusoma tarehe, kuhesabu usiku, kumwandikia mgeni. Kurasa nyingine ziite faili hilo tu. Rasimu ikibadilika, utarekebisha mahali pamoja. Hata likifika hatua ya 4, jaribu kwenye simu kongwe kuliko zote anazotumia mpokea wageni au nahodha wa boti ya Manda. Kivinjari cha zamani kitahitaji maktaba ya kujazia, yaani msimbo unaoiga kipengele ambacho kivinjari hakina.

Kuna viwango vinavyokufa kabisa. Web SQL, njia ya kuhifadhi data ndani ya kivinjari, ilisitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Novemba 2010 kwa kuwa vivinjari vyote vilivyoitekeleza vilitegemea injini moja, SQLite, na mwaka 2023 Chrome ikaiondoa. Data ya kuhifadhi mtandao ukikatika iweke kwenye IndexedDB, hifadhi nyingine ya ndani ya kivinjari.

Siku chache kabla ya kuhama toleo, endesha python -Wa manage.py test na usome maonyo yote: kila onyo la kitu kitakachoondolewa ni kazi ya toleo lijalo, na ni nafuu kuimaliza sasa. Pakua vifurushi mapema kwa pip download, ukitumia Python ileile ya seva, mtandao usije ukakatika katikati. Nakili hifadhidata kwa pg_dump, kama ni ya PostgreSQL, kisha irejeshe kwenye hifadhidata tupu na ulinganishe idadi ya nafasi za mwezi ujao. Zisipolingana, usihame.