Kujaza fomu ya upekuzi kama uliwahi kuachishwa kazi

Fomu ya upekuzi ni ile ya kuchunguza historia yako kabla ya kukupa kazi ya kuaminiwa. Kabla ya kushika kalamu, tafuta karatasi: barua ya kuachishwa, barua za onyo, muhtasari wa kikao cha nidhamu, cheti cha utumishi. Hicho cha mwisho mwajiri anatakiwa kukupa kazi inapokoma, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004. Hukukichukua? Rudi kakiombe, hata kama ni kupanda basi kutoka Mbeya hadi Makambako. Unatafuta tarehe, na sababu kama mwajiri alivyoiandika, si kama unavyoikumbuka wewe. Mpekuzi akipiga simu huko, jalada ndilo litakalomjibu.

Wengi huangukia kwenye "sababu ya kuondoka". Mtu aliyeachishwa anaandika "niliacha". Silabi moja imepungua, na kosa la zamani limezaa uongo wa leo. Kuna pia ile ya "andika barua mwenyewe, au tukufukuze". Kwenye karatasi hapo uliacha, lakini mpekuzi haihesabu hivyo. Fomu SF-86 ya Marekani, ya upekuzi wa wanaoomba kazi nyeti za serikali, inaitaja waziwazi, kwa miaka 7 iliyopita. Fomu yako hata isipouliza waziwazi, itaje.

Tuseme ulikuwa mtunza stoo. Andika hivi:

"Niliachishwa Machi 2019 baada ya mifuko 6 ya mbolea kupungua kwenye stoo niliyoisimamia. Nilikuwa nikitoa mzigo bila kusaini leja. Nililipa fidia kwa kukatwa mshahara. Sikushtakiwa mahakamani."

Basi. Usiongeze kwamba bosi alikuwa na chuki, hata kama alikuwa nayo. Na kama mbolea uliichukua, usijifiche nyuma ya leja, sema uliichukua.

Kuruka kazi nzima ndiyo mbinu mbovu kuliko zote. Umekaa miezi 8 Mafinga ukafukuzwa, sasa unarefusha kazi ya Iringa izibe pengo. Taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha mwajiri na mwezi.

Makosa yenyewe hayalingani uzito. Kuchelewa au kugombana na mwenzako miaka mitano nyuma, mara nyingi hupita. Risiti ya mafuta iliyoongezwa, sahihi ya kughushi, hongo: hayo ni mazito kwa anayeomba kazi ya silaha, fedha au kuingia maeneo ya ndani ya uwanja wa ndege, kwa sababu kazi yenyewe ni kuaminiwa. Cheti cha kughushi hakichakai kabisa: uhakiki wa 2017 uliwakuta watumishi wa umma 9,932, wengine wakiwa kazini kwa miaka mingi.

Fomu imeshaondoka na kosa? Andika barua ya masahihisho leo, kabla hujaitwa. Ukisubiri kuulizwa, itasomeka kwamba umekamatwa. Kama ulishinda shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ambatisha uamuzi. Kama umeachishwa majuzi na unaona umeonewa, kumbuka una siku 30 tu za kupeleka mgogoro huko.

Wadhamini nao waambie mapema. Mdhamini anayeshtuka kwenye simu hakusaidii. Kisha baki na nakala ya fomu. Usaili unaweza kuja baada ya miezi, na mifuko 6 ikigeuka "kama minne hivi", mtaanza upya.