Somo: Alamu ya pikipiki ikubipu kwa kitochi

Mvua ikipiga bati husikii kitu. Nililijua hilo asubuhi moja jirani alipokuja kunidai usingizi wake: alamu ya Boxer yangu ililia usiku, yeye kaisikia, mimi mwenye mali nakoroma. Pikipiki niliikuta, ila nyaya za swichi zilikuwa zimeshavutwa nje.

Zipo alamu zenye rimoti inayotetema mfukoni. Nilikuwa nayo, mawasiliano yalikatika kabla sijafika dukani kwa Mangi. Kitochi (simu ndogo ya batani) kinafika popote penye mtandao: alamu ikilia, rilei inakibonyezea kitufe, nacho kinakupigia.

Tafuta: kitochi kizima chenye laini, rilei ndogo ya 12V, yaani swichi inayojifunga koili yake ikipata umeme (ile ya bluu, koili ohm 400), daiodi 1N4007, kapasita ya 100µF ya volti 50, fyuzi ya ampea 1, na chaji ya USB ya pikipiki. Rilei kubwa ya taa za gari iache, inakula umeme karibu mara tano.

Hatua ya 1. Weka namba yako kwenye kitufe cha 2, ili ukikibonyeza kwa muda kipige chenyewe. Zima batani kujifunga zenyewe. Hapa ndipo wengi hukwama, wanalaumu rilei bure. Zima na milio yote. Bipu haikati salio, lakini likiwa sifuri simu haitoki, kwa hiyo weka vocha kidogo.

Hatua ya 2. Fungua kitochi, toa raba ya batani. Chini ya namba 2 kuna kibati cha duara. Kinyanyue, utaona nukta katikati na pete inayoizunguka. Lehemu waya mmoja kwenye nukta, mwingine kwenye pete. Tumia waya mwembamba kama unywele, na chuma kisikae zaidi ya sekunde mbili. Gusanisha nyaya hizo: kikipiga, mwagia gundi ya moto zising'olewe na mtikisiko.

Hatua ya 3. Hapa usikimbie. Ving'ora vya alamu ni vya aina mbili. Kimoja hupewa 12V iliyonyooka kikalia chenyewe. Kingine ni spika tu, mlio unatengenezwa ndani ya boksi la alamu. Ukiunga rilei moja kwa moja kwenye hicho cha pili, itatetemeka kama meno ya mwenye homa na kitufe hakitashikwa. Pima kwa mita alamu ikiwa inalia: ukipata karibu volti 12 za DC ni cha kwanza, ukipata AC, ni spika.

Daiodi na kapasita vinatatua zote mbili. Kutoka waya mmoja wa king'ora (kwa kile cha 12V, ule wa chanya) pita kwenye daiodi, mstari wake uelekee rilei, kisha mguu wa koili. Mguu wa pili wa koili rudisha kwenye waya wa pili wa king'ora, usiuunge kwenye bodi ya pikipiki, kwani alamu nyingine huchezesha nyaya zote mbili. Kapasita inakaa sambamba na koili, chanya upande wa daiodi. Usiongeze ukubwa wake: ile "piu" fupi ya kufunga alamu nayo itaanza kukupigia.

Hatua ya 4. Nyaya za kitochi ziende kwenye ile miguu miwili ya rilei inayogusana pale tu inapolia "tik".

Hatua ya 5. Chaji ichukue umeme wa swichi kupitia fyuzi, siyo betri moja kwa moja. Funga kitochi kwa nailoni na sifongo chini ya siti, mbali na silinda. Kisanduku cha chuma usikitumie, kinaua mtandao.

MASWALI

Mkuu, kwa nini nisiunge betri moja kwa moja ili chaji isikatike?
– Chaji ikila mA 10 tu, kwa siku ni Ah 0.24. Betri ya Ah 5 itakuwa nusu kwa siku kumi, ukipiga stati inakohoa. Kitochi kinakaa siku kadhaa na chaji yake. Ukisafiri wiki mbili, hapo ni kweli kitazima.

Fundi, mwizi akikata waya wa betri?
– Akiuwahi kabla alamu haijalia, hupati bipu. Ficha boksi na nyaya vizuri. Wengi hutikisa kwanza.

Huku Bungoma hicho kitochi tunakiita mulika mwizi. Lori likipita nitapigiwa?
– Basi kimepata kazi ya jina lake! Punguza wepesi wa sensa ya alamu kwanza, halafu ndiyo uunge rilei. Bipu za bure zitakuzoesha kupuuza.

Nikipokea badala ya kukata?
– Inakula salio, lakini unasikia wanachosema. Mimi hukata nikiwa nimeshavaa kandambili.

Kaka, usiku simu yangu naweka kimya.
– Iruhusu namba hiyo peke yake ilie hata simu ikiwa kimya. Mimi niliipa mlio wa jogoo, nikajuta: jirani anafuga, na saa kumi alfajiri natoka mbio na tochi.