Jinsi ya Kuandika Shajara ya Mji Unaoishi

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, akiwa njiani kuelekea Kilwa, na muda huo mfupi ulimtosha kuona jambo ambalo mwenyeji hangeona sababu ya kuliandika. Anasimulia kwamba kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kwamba maji yalichotwa kwa chombo cha mbao kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, na kwamba aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaifuta kwenye kipande cha mkeka mnene kilichotandikwa mlangoni. Mwenyeji aliukanyaga mkeka ule kila siku ya maisha yake. Kwake ulikuwa mkeka tu. Tukitaka leo kujua miguu ilifutwa wapi karibu miaka 700 iliyopita, inatubidi tumshukuru mpita njia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwongozo huu unahusu namna ya kuwa mgeni wa mji wako mwenyewe kwa nusu saa kila wiki, ukiwa na daftari na kalamu, ili yale unayoyapita bila kuyaona yapate mahali pa kukaa. Majengo makubwa yana wasanifu na wapiga picha wa kuyatunza. Namna watu wanavyopanga foleni, wanavyoitana, wanavyopatana bei au wanavyoagana jioni haina mtunzaji, nayo hubadilika polepole kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja siku ilipokoma.

Kwanza chagua mahali pamoja. Usijaribu kuuandika mji wote, kwa sababu mji mzima hauingii daftarini, na anayejaribu huishia kuandika sifa ambazo zingefaa mji wowote. Chagua kona unayoweza kuifikia kwa miguu, na ikiwezekana iwe kona ambapo watu wanangoja kitu: kituo cha basi, mlango wa zahanati, kibaraza cha kinyozi, geti la shule saa ya watoto kutoka. Anayengoja hana haraka ya kujificha. Hunyoosha mgongo, huhesabu sarafu, huanza mazungumzo na mtu asiyemjua, na mtaa huonekana kupitia kwake. Epuka sehemu zinazopigwa picha za kalenda. Georges Perec, mwandishi Mfaransa, alikaa kwenye uwanja wa Saint-Sulpice jijini Paris kwa siku tatu mfululizo mwezi Oktoba 1974. Uwanja ule una kanisa kubwa na chemchemi yenye sanamu, lakini kwa makusudi kabisa aliviacha vitu hivyo kwa kuwa vilikwisha kuelezwa na wengi, akaandika mabasi yaliyopita na namba zake, njiwa walioruka pamoja, na watu waliobeba mifuko. Huo ndio moyo wa kazi hii.

Ukishapata mahali, rudi hapohapo kwa saa tofauti. Nenda alfajiri siku moja, adhuhuri siku nyingine, na magharibi siku ya tatu, kisha uanze tena. Juu ya kila ukurasa andika tarehe, saa uliyoketi, saa uliyoondoka na hali ya hewa. Mambo haya manne yanaonekana madogo, lakini ukurasa usiokuwa nayo hupoteza nusu ya thamani yake pindi unapousahau. Dakika 10 za mwanzo zitakuwa tupu, na utahisi kwamba siku hiyo hakuna kinachotokea. Usiinuke. Macho yaliyozoea huchelewa kuamka, na mara nyingi jambo la kuandikwa hujitokeza pale unapokuwa umekata tamaa na kuanza kutazama miguu ya watu kwa kukosa la kufanya. Nakushauri pia uiache simu mfukoni. Picha moja humfanya mtu aamini kwamba amekwisha kuhifadhi kilichopo, ilhali picha haisemi nani alimpisha nani, kwa nini mama yule alirudi nyuma, wala harufu iliyokuwapo.

Sasa tufike kwenye uandishi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kosa la kawaida ni kuandika hukumu badala ya kitu. Mwanzoni nami niliandika hivi kuhusu fundi viatu wa kona yetu: “Mtaa umechangamka, fundi yuko na bidii kama kawaida.” Niliposoma sentensi hiyo miezi michache baadaye sikuona mtaa wala fundi. Nilirudi, nikaketi hatua tano kutoka kwake, nikaandika upya. Safari hii niliandika kwamba kabla ya kuchukua kiatu hupangusa kiganja cha kulia kwenye goti, na suruali yake imepauka mahali hapo tu. Huuvuta uzi kupitia bonge la nta mara tatu, asipungukiwe wala asizidishe, kisha hubana kiatu katikati ya magoti, soli ikiwa juu. Sindano yake ina mpini wa mbao uliozungushiwa mpira wa tairi. Akimaliza mshono hakati uzi kwa kisu kilichopo pembeni yake. Huinama na kuukata kwa meno, halafu hupiga soli kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayempongeza mtoto. Mteja akiuliza bei, fundi hajibu mpaka ageuze kiatu na kutazama kile cha pili, ambacho hakuletewa kushona. Ile tabia ya kukagua kiatu cha pili sikuwa nimeiona kwa miaka yote niliyompelekea viatu vyangu.

Kanuni, basi, ni kutegemea vitenzi na majina ya vitu, na kuzipunguza sifa. Badala ya kusema mtu alikuwa na huzuni, andika alichofanya kwa mikono yake. Badala ya kusema msongamano ulikuwa mkubwa, hesabu walioshuka na waliobaki. Kama hujui jina la chombo, muulize mwenye nacho, kwa sababu jina linalotumiwa na mtu wa kazi hiyo ni sehemu ya urithi kama chombo chenyewe. Na kama hakuna wa kumuuliza, eleza umbo lake kwa maneno ya kawaida bila kubuni.

Andika pia unayoyasikia. Sauti za mji hufa bila kuzikwa: mashine hubadilishwa, biashara hufungwa, na wito uliotambulika na mtaa mzima hukoma siku moja bila tangazo. Mtunzi wa muziki R. Murray Schafer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada walilitambua hilo mapema, wakazirekodi sauti za Vancouver na kuzitoa mwaka 1973, vikiwamo ving'ora vya kuonya meli wakati wa ukungu. Wewe huhitaji mitambo. Funga macho kwa dakika mbili, kisha orodhesha sauti kuanzia iliyo mbali kabisa hadi iliyo karibu. Maneno ya watu yaandike kama yalivyotamkwa, pamoja na misimu na makosa yake, kwa kuwa ukiyasafisha yakafanana na lugha ya darasani utakuwa umemnyang'anya msemaji sauti yake. Andika na bei za vitu, nauli na majina ya bidhaa, hata kama jambo hilo linakuchosha. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara ya London kati ya 1660 na 1669, anasimulia kwamba moto mkubwa wa Septemba 1666 ulipokaribia alichimba shimo bustanini akafukia mvinyo wake na jibini yake ya Parmesan. Wanahistoria wanaweza kutupa ukubwa wa moto ule. Ni jibini ile inayotuonyesha mtu aliyeogopa.

Baada ya wiki kadhaa utahitaji kujua mahali pako palikuwaje kabla yako, na hapo utawaendea wazee. Swali la jumla huzaa jibu la jumla: ukimuuliza bibi maisha ya zamani yalikuwaje, atakuambia yalikuwa mazuri na watu walipendana, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize alipita njia ipi kwenda shule, nani alikuwa na redio ya kwanza mtaani, maji yalichotwa wapi na nani alitangulia kuamka. Mpe karatasi achore mtaa kama anavyoukumbuka, nawe chora wako pembeni. Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani aliyechunguza Boston, Jersey City na Los Angeles katika utafiti alioutoa mwaka 1960, aliwaomba wakazi wachore miji yao kwa kumbukumbu, na michoro hiyo ilimwonyesha ni njia zipi, mipaka ipi na alama zipi watu wanazibeba kichwani. Michoro miwili ikipishana, usikimbilie kuuliza nani amekosea. Mahali inapopishana ndipo penye habari: huenda uzio ulijengwa, mti ulikatwa, au njia iliyokuwa ya wote ikawa ya mtu mmoja. Msikilize mzee mpaka amalize hata akitoka nje ya swali, na usimwandike mbele ya macho yake kama karani wa polisi. Omba ruhusa kwanza, andika maneno machache ya kukumbushia, kamilisha ukifika nyumbani siku hiyohiyo.

Tafakuri kuhusu utamaduni huja mwisho, nami nasisitiza hivyo kwa sababu wengi huanza nayo. Huandika kwamba watu wa mji wao ni wakarimu au siku hizi hawajaliani, halafu hutafuta tukio moja la kuthibitisha. Fanya kinyume chake. Subiri jambo lijirudie mara tatu katika kurasa za siku tofauti, kisha lizungushie duara na ujiulize lina maana gani kwa wanaolifanya. Kwa nini watu huacha nafasi moja tupu kwenye benchi hata wengine wakisimama? Kwa nini kijana humsalimu kinyozi kabla ya watu walioketi mbele yake, na fundi akague kiatu ambacho hakulipwa kukishona? Andika dhana yako, halafu nenda ukaulize. Mara nyingi jibu utakalopewa litaiangusha dhana hiyo, na kuanguka kwake kuandikwe pia. Mimi nilidhani fundi yule anatafuta kazi ya ziada. Alinieleza kwamba kiatu cha pili humwonyesha mtu anavyokanyaga, na kwa hiyo humjulisha mshono uwekwe upande gani.

Macho yako peke yake hayatoshi, hivyo inafaa kuwashirikisha wengine. Mradi ulioitwa Mass-Observation, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1937, uliwaomba watu wa kawaida waandike walichofanya na walichoona tarehe 12 Mei ya mwaka huo, siku Mfalme George wa Sita alipotawazwa, na maandiko ya mradi huo yanatunzwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Sussex. Waombe majirani wanne au watano waandike ukurasa mmoja kuhusu siku ileile. Chagua siku isiyo na sherehe, kwani sherehe huwafanya watu wote watazame upande mmoja.

Kuna mpaka ambao hauna budi kulindwa. Macho hayana pazia, lakini kalamu lazima iwe nalo. Badilisha majina ya watu, usiandike namba za nyumba, usimweleze mtoto wa mtu kwa namna itakayomtambulisha, na yaache kabisa maradhi, madeni na ugomvi wa ndani hata ukiyasikia bila kutaka. Niliwahi kuandika mabishano ya majirani wawili, nikayasomea watu niliodhani hawawafahamu; mmoja aliwafahamu, na iliniwia vigumu kupita mlangoni kwao kwa muda mrefu. Tangu hapo kila ukurasa ninaotaka kuutoa nje ya nyumba humsomea kwanza aliyeandikwa ndani yake, na akisema hapana, unabaki nyumbani.

Kuhusu utunzaji, penseli au kalamu isiyochujuka kwa maji inafaa kuliko wino wa kawaida, na kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zako uzihifadhi mahali pengine. Andika kwa namna ambayo mtu mwingine ataelewa. Pepys alitumia hati mkato, na John Smith, mwanafunzi wa Cambridge, alipopewa kazi ya kuifasiri shajara hiyo mwaka 1819 aliihangaikia kwa takriban miaka mitatu, ilhali kitabu cha kufundishia mwandiko ule kilikuwa katika maktaba ileile iliyoitunza shajara. Kwa hiyo nyuma ya daftari tenga kurasa mbili za ufunguo: majina ya utani ya mahali, vifupisho vyako, na maana ya misimu uliyoinukuu.

Ukitimiza mwaka, chukua ukurasa wa kwanza, rudi mahali palepale katika tarehe na saa ileile, usome kwa sauti ndogo mstari mmoja baada ya mwingine, na pembeni ya kila mstari uweke alama kama kitu hicho bado kipo. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza niliweka alama 14 katika mistari 19. Kiti cha fundi kilikuwapo, na bonge la nta pia, lakini uzi alikuwa akiukata kwa kisu, na nilipomuuliza alifungua mdomo akanionyesha pengo la jino la mbele.