Kagua faili la YAML kwenye mashine yako kabla hujakomiti

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, wanalijua sharti langu: faili la usanidi la YAML (muundo wa maandishi wa kuandikia mipangilio ya programu) haliingii kwenye komiti, yaani halihifadhiwi kwenye Git, kabla halijakaguliwa kwenye kompyuta ya aliyeliandika. Mfumo wetu unarekodi uzito wa maparachichi ya wakulima wa Rungwe, na kila mtu akipushi msimbo, GitHub Actions, huduma ya GitHub inayofuata maagizo ya mafaili hayo, huujenga na kuujaribu. Repo (hazina ya msimbo) ya siri kwenye akaunti ya bure ina dakika 2,000 za kazi hiyo kwa mwezi. Sioni sababu ya kuzichoma, pamoja na bando letu, kwa kosa ambalo mashine iliyo mbele yako ingekuonyesha papo hapo.

Anza na yamllint, programu ya kukagua mafaili ya YAML. Isakinishe kwa `pip install yamllint`, kisha andika:

`yamllint .github/workflows/`

Itakuonyesha mstari wenye Tab badala ya nafasi, mistari isiyopangika, na jina lililoandikwa mara mbili, kwa mfano `env:` mbili ndani ya kazi moja. Itanung'unikia pia mistari inayozidi herufi 80. Hilo mimi nimelilegeza kwa faili la `.yamllint`:

```
extends: default
rules:
  line-length:
    max: 120
  truthy:
    check-keys: false
  octal-values: enable
```

Lakini yamllint inajua sarufi ya YAML tu. Ukiandika `run-on` badala ya `runs-on`, itakupitisha. Hapo unahitaji actionlint, ambayo inazijua kanuni za GitHub Actions zenyewe. Iendeshe ukiwa ndani ya repo, bila kuongeza neno lolote. Itakuambia kama `needs` inataja kazi isiyokuwepo, na ukiwa na shellcheck, programu ya kukagua amri za shell, itakagua hata amri zilizo chini ya `run:`. Wanaotumia CircleCI, huduma nyingine ya aina hii, wana `circleci config validate`. Wa GitLab wana kihariri cha pipeline (mfululizo wa kazi hizo) kinachokagua kadiri unavyoandika.

Sasa yale yanayopita kimya, na hapa naomba utulie. Faili linaweza kuwa sahihi kabisa kisarufi na bado likasema kitu usichokusudia. Ukiandika `python-version: 3.10`, YAML inaona namba, na sifuri ya mwisho inapotea: utapewa 3.1. Ni kama kwenye mzani wetu, kilo 3.10 na kilo 3.1 ni mzigo ule ule. Weka alama za nukuu: `'3.10'`.

Namba zinazoanza na sifuri ni hatari zaidi, na sisi tunazo nyingi: za simu, za vituo vya kupokelea mzigo. Maktaba zinazofuata YAML 1.1, PyYAML ya Python ikiwemo, huisoma `0120` kwa hesabu ya msingi wa nane, ikawa 80. `0129` inabaki maandishi, kwa sababu tarakimu 9 haimo kwenye msingi wa nane. Kituo kimoja kinasomeka sawa, jirani yake anabadilishwa jina! Ndiyo maana nimewasha `octal-values` hapo juu. `no` na `off` nazo hugeuka kuwa "si kweli". Kanuni yangu ni fupi: thamani yoyote isiyo ya kujumlishwa wala kutolewa, itie nukuu.

Usitegemee kumbukumbu. Tengeneza folda ya `.githooks`, weka ndani yake faili liitwalo `pre-commit`, ambalo Git huliendesha kabla ya kila komiti:

```
#!/bin/sh
yamllint --strict .github/workflows/ && actionlint
```

Lipe ruhusa kwa `chmod +x .githooks/pre-commit`. Bila `--strict`, yamllint ikitoa onyo tu komiti inapita. Kisha ielekeze Git kwenye folda hiyo:

`git config core.hooksPath .githooks`

Folda inasafiri na repo, mpangilio huu hausafiri. Kila anayekloni lazima auandike mwenyewe, na mgeni kwenye timu yetu huandika amri hiyo kabla hajafungua faili lolote.